Mzee Eliufoo Hakusimama

Inatangazwa kwa Wakristo wote wa usharika huu, walioko juu mlimani na walioshuka tambarare, wenye bahasha za ahadi na wale wanaojibanza nyuma ya nguzo sadaka ikipita, ya kwamba Jumapili ya kuliombea Taifa, bendi ya matarumbeta ilipopiga wimbo wa Taifa ndani ya kanisa, watu wote walisimama, wakubwa kwa wadogo, hata Bibi Theopista ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake. Mmoja tu hakusimama. Huyo ni Mzee Eliufoo Nkya, mpiga mnada wa usharika, mkulima wa kahawa na migomba, mume wa Yuditha na baba wa Evelyn. Inatangazwa zaidi ya kwamba kukaa kwake kumetikisa Kanisa na Serikali kwa pamoja, na kwamba maana yake ingali inachunguzwa na wataalamu.

Wataalamu wenyewe walikuwa Machame nzima.

Kabla ya kuwasikiliza, afadhali tumjue mtu. Ujanani Eliufoo alibeba mizigo ya watalii mlimani, akaacha alipogundua kwamba mzungu hulipa ili achoke, yeye huchoka ili alipwe, na wote wawili hushuka na uso uleule. Kisha akapita Jeshi la Kujenga Taifa, ambako alifundishwa kusimama wima mpaka nzi anatua puani, anatembea, anaondoka mwenyewe kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo kama kuna mtu katika usharika ule aliyejua kusimama, alikuwa yeye. Sebuleni kwake bendera ndogo ya Taifa ilining'inia kati ya picha ya ubatizo wa Evelyn na kalenda ya Dayosisi, na miaka yote hakuna mgeni aliyewahi kuuliza ipi kati ya hizo tatu ni kubwa kuliko nyingine.

Lakini kilichomfanya Eliufoo awe Eliufoo ni mnada. Kila Jumapili, ibada ikiisha, vile vitu ambavyo watu wameleta kama sadaka hutolewa nje: mkungu wa ndizi, parachichi, chupa ya maziwa, mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu. Eliufoo hupanda ngazi za kanisa, huinua kitu juu, na hapo yule mzee anayelalamikia goti wiki nzima huwa mtu mwingine. Aliweza kuliuza yai moja kama anauza shamba. Aliweza kumtazama mtu bahili machoni, akamtajia jina la marehemu baba yake kwa heshima, na bahili akajikuta amenunua papai, na nyumbani kwake mapapai yanaoza. Watu walisema mahubiri huwaleta kanisani, mnada huwazuia wasiondoke. Mnyang'anye Eliufoo mnada, utabaki na mzee mmoja mwenye ng'ombe na mafua.

Sasa tuje kwa Mangi.

Mangi alikuwa jogoo. Mwekundu, mwenye mkia kama moshi wa jiko la kuni, amepewa jina la watawala wa zamani wa Wachagga kwa sababu naye alitembea kihambani kana kwamba migomba yote imepandwa na babu yake. Eliufoo alimpenda kwa namna ambayo mwanamume wa Machame haruhusiwi kumpenda kiumbe yeyote hadharani. Alimtengea punje za mahindi. Alizungumza naye wakati wa kukata majani ya ng'ombe, na Mangi, tofauti na wazee wenzake, hakumkatiza.

Mwaka huo Yuditha alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Akiwa kitandani, kabla hawajamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, akamshika mumewe mkono na kuomba kwa sauti, kwamba Bwana akimrudisha nyumbani akitembea kwa miguu yake, atamtoa Mangi sadaka. Eliufoo alisema amina kubwa kabla sentensi haijafika mwisho. Yuditha akarudi nyumbani akitembea.

Hapo ndipo shetani, ambaye siku zote huwa na muda, alipokaa na Eliufoo. Alimkumbusha kwamba nadhiri ni ya Yuditha, amina tu ndiyo yake. Alimkumbusha kwamba jogoo mwekundu ni jogoo mwekundu. Basi Eliufoo akaenda sokoni akanunua jogoo mwingine wa rangi ileile, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Kisha akamshusha Mangi kwa siri hadi Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, kwa shemeji yake Primus aliyemwoa dada yake. Primus ni Mkatoliki. Alimpokea jogoo kwa moyo mweupe kabisa, akisema dhambi ya Kilutheri yeye haimhusu.

Tatizo lilikuwa moja. Yuditha ndiye aliyepanga sadaka za vitu mbele ya madhabahu pamoja na akina mama wenzake, na mwanamke aliyemlisha jogoo kwa mkono wake hadanganywi na manyoya. Eliufoo akamwambia mkewe kwamba Mangi haogopi mtu ila anachukia umati, kwa hiyo atakaa naye mwenyewe hadi wakati wa mnada. Jumapili ile ya kuliombea Taifa akaketi pembeni kabisa upande wa wanaume, koti lake kubwa limefunika magoti, na kati ya magoti, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, amekaa jogoo wa bandia. Mpango ulikuwa amnyanyue juu ya ngazi haraka, amuuze haraka, na Yuditha atakayekuwa kwenye masufuria ya chai aone wekundu tu kwa mbali.

Mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba haukumhesabu Hosea.

Hosea ni mwenyekiti wa kijiji, na ni mzee wa kanisa vilevile. Kofia mbili kwenye kichwa kimoja, na kichwa chenyewe hakijawahi kulalamika kwa uzito. Siku hiyo alikuwa na mgeni kutoka wilayani, na alitaka mgeni aone kwamba huku mlimani watu wanaipenda nchi yao hata wakiwa mbele za Mungu. Bila kumwambia mtu alikuwa amepatana na bendi. Mara tu baada ya maombi ya Taifa, matarumbeta yakafumuka, na tarumbeta kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya sikio la Eliufoo.

Kanisa zima likainuka kama mtu mmoja. Jogoo naye akataka kuinuka.

Kilichotokea chini ya lile koti ni vita. Eliufoo alibana magoti, akashika mdomo wa jogoo kwa mkono wa kulia na bawa kwa wa kushoto, akafumba macho kwa nguvu, jasho likamtiririka, midomo ikamcheza. Waliomwona walisema baadaye kwamba alikuwa akiomba kama Hana kule hekaluni, bila sauti, moyo ukimiminika. Maneno yenyewe yalikuwa, "Tulia, mshenzi wewe, utaniaibisha." Wimbo ukaisha. Watu wakaketi. Eliufoo akafumbua macho na kuona watu wote wa benchi la mbele wamegeuza shingo, na kijana mmoja ameinua simu.

Mnada wa siku hiyo aliupiga mbio mbio. Jogoo mwembamba akanunuliwa na Hosea, ambaye alitaka mgeni amwone akinunua. Yuditha, kwenye masufuria, aliona wekundu. Akatabasamu, akafuta jicho kwa pembe ya kitenge. Eliufoo alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Machame ina mizizi mingi ya migomba, haipasuki ovyo.

Alipofika nyumbani alidhani amemaliza. Kumbe ile picha ya simu ilikuwa imeshashuka mlima, imeingia Moshi mjini, imepanda basi la Dar es Salaam.

Wa kwanza kumjia alikuwa Hosea. Alikuja akiwa amevaa kofia zote mbili, akakataa chai, jambo ambalo mlimani ni karibu na kutangaza vita. Alimweleza Eliufoo kwa kirefu kwamba Warumi kumi na tatu iko wazi, mamlaka yote yametoka kwa Mungu, na anayekaidi wimbo wa Taifa amemkaidi aliyeliweka Taifa. Alisema mgeni wa wilayani ameuliza jina lake mara mbili. Kisha akasema lililomleta, kwamba asiyeweza kusimama kwa ajili ya nchi yake hafai kusimama kwenye ngazi za kanisa kupiga mnada, na kwamba Jumapili ijayo baraza la wazee litaketi kuamua.

Eliufoo alifungua kinywa amweleze habari za jogoo. Yuditha akapita na ndoo ya maziwa. Akafunga kinywa.

Hosea hajafika barabarani, akaingia Praygod. Huyu ni kiongozi wa vijana wa usharika, amehitimu chuo, ana ndevu zinazojaribu. Alikuja na kundi zima, wakiimba, na wengine wameshachapisha fulana zenye neno moja kifuani: NIMEKAA. Akamshika mzee mikono yote miwili, akamwita Meku, kama Wachagga wanavyomwita mzee.

"Shikamoo, Meku. Umetufungua macho."

"Marahaba. Kwani yalikuwa yamefanyaje?"

Praygod akamfafanulia. Danieli sura ya tatu: mfalme amesimamisha sanamu, panda zinalia, watu wote wanaanguka, vijana watatu wanabaki wima. Hapa panda zimelia, watu wote wamesimama, mzee mmoja amebaki chini. Ni jambo lilelile, limegeuzwa juu chini tu ili wenye hekima walitambue. Madhabahu si uwanja wa gwaride. Kanisa likianza kumsimamia mgeni wa wilayani, kesho litampigia saluti, keshokutwa litampa ushirika mtakatifu wa kwanza kabla ya wajane. Eliufoo alikiri moyoni kwamba hapo kwenye wajane kijana alikuwa na hoja. Alitaka pia kusema kwamba yeye hakuwa Danieli wala Shadraka, ila vijana walikuwa wameshachukua mapanga wakaenda kumkatia ng'ombe majani, na wengine wakaanza kuzoa samadi. Akaona haraka ya nini. Mateso kwa ajili ya imani, aligundua, yana majani ya ng'ombe ndani yake.

Evelyn akapiga simu kutoka Dar.

"Baba, huku wanasema umekuwa mwanaharakati. Unameza dawa zako za presha?"

Akamjibu kwamba anameza. Evelyn akasema basi atulie, asihojiwe na mtu yeyote mwenye kamera, na amsalimie Mangi. Eliufoo akakata simu kwa kisingizio cha mtandao.

Wiki ile Machame ilisoma Biblia kuliko wakati wowote tangu wamisionari. Kilabuni, ambako Walutheri hawaendi na ambako siku hizo walijaa, watu walishika kata za pombe ya mbege mkono mmoja na Agano Jipya mkono wa pili. Wengine walisema Kaisari apewe cha Kaisari, yaani magoti. Wengine walisema Kaisari mwenyewe alipewa shilingi tu, hakuna mahali alipopewa magoti. Mwalimu mmoja mstaafu aligundua kwamba Eliufoo alikaa upande wa kaskazini wa kanisa, akatoa unabii mzima kutokana na hilo, hadi alipokumbushwa kwamba hapo ndipo Eliufoo hukaa kila Jumapili kwa sababu kuna upepo.

Mchungaji Gladys, mwanamke mtulivu aliyezaliwa Rau na asiyependa kelele za pande zote mbili, aliona afadhali afundishe. Jumatano akaendesha somo zima juu ya namna ya kulifasiri andiko kwa haki. Akasema usilinyofoe neno mahali pake kama anayenyofoa ndizi kwenye mkungu wa jirani. Uliza kwanza nani aliandika, aliwaandikia akina nani, alikuwa katika hali gani, alikuwa anakabiliwa na nini. Paulo aliyewaambia Warumi watii mamlaka, akasema, ni Paulo yuleyule aliyekuwa akiingia na kutoka magerezani mwa mamlaka hayohayo. Ukisoma barua bila kuona pingu, hujaisoma barua. Lilikuwa somo zuri sana, Eliufoo aliliandika karibu lote kichwani. Likaisha, watu wakaomba, wakaenda zao wakiendelea kubishana juu ya makalio yake, na hakuna hata mmoja, Mchungaji akiwemo, aliyemgeukia yeye mwenyewe aliyekuwa ameketi safu ya pili na kumuuliza alikuwa anakabiliwa na nini.

Nyumbani Yuditha alikuwa akimenya ndizi. Naye hakuuliza. Alisema tu, kama anayeongea na kisu, kwamba ule wimbo tangu neno la kwanza ni maombi, unamwomba Mungu abariki, na kanisa zima limegombana juu ya kusimama na kukaa ila hajasikia mtu aliyesema amina.

"Wewe ndiye ulikuwa unaomba siku ile, Baba Evelyn," akaongeza. "Nilikuona."

Eliufoo akasema anakwenda kumtazama ng'ombe. Akakaa bandani muda mrefu. Angesema kweli, mnada angeuokoa, maana hata Hosea hawezi kumshitaki mtu kwa uhaini wa kubana kuku. Lakini angesema kweli, Yuditha angejua kwamba ile nadhiri aliyoiweka akiwa hajui kama ataamka, mumewe aliilipa kwa jogoo wa sokoni. Mnada au uso wa Yuditha. Ng'ombe alimtazama, akajibu kwa njia ya ng'ombe.

Wakati huo huo uvumi ulikuwa ukishuka mlima, na uvumi, kama maji ya mfereji, huongezeka matope kadiri unavyoteremka. Huko Machame, mzee alikaa. Alipofika Moshi mjini alikuwa ametoka nje kwa hasira. Alipofika Chekereni alikuwa amechana bendera na yuko rumande.

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha, sadaka za vitu zikatolewa nje, umati ukasubiri mnada usio na mpigaji, na baraza la wazee likaketi ndani ya ofisi ya Mchungaji, madirisha wazi kwa sababu ya joto na kwa sababu nje kulikuwa na masikio. Praygod aliruhusiwa kuwasemea vijana. Hosea akataka Eliufoo aimbe wimbo wa Taifa peke yake mbele ya kanisa, wima, au auachie mnada.

Akaweka mezani Warumi kumi na tatu. Praygod akaweka Matendo sura ya tano, kumtii Mungu kuliko wanadamu. Hosea akapandisha kwa Petro wa kwanza sura ya pili, mheshimuni mfalme. Praygod akaja na Wafilipi tatu, wenyeji wetu uko mbinguni. Hosea, akihema, akatoa Yeremia ishirini na tisa, uombeeni mji mliomo. Praygod akafunua kurasa za mwisho, akatupa Ufunuo kumi na tatu, yule mnyama atokaye baharini.

Hosea akainuka nusu. "Kijana, unaiita Serikali mnyama?"

Na hapo, kwa mazoea ya miaka, bila kujijua, Eliufoo akanyoosha mkono.

"Ufunuo kumi na tatu iko kwa Praygod. Nani zaidi? Mara ya kwanza. Mara ya pili..."

Nje ya dirisha watu wakaangua kicheko. Ndani hakuna aliyecheka isipokuwa Mchungaji Gladys, naye alijifanya anakohoa. Alipopona akafunga Biblia yake taratibu. Akawaambia Neno la Mungu si mkungu wa ndizi, haliendi kwa aliyepaza sauti ya mwisho, na kwamba Jumatano aliwafundisha somo zima la kumuuliza mwandishi na yeye mwenyewe amesahau kufanya hivyo. Akamgeukia Eliufoo.

"Mzee wangu, kwa dhamiri yako, mbele za Mungu na mbele ya Taifa. Kwa nini hukusimama?"

Praygod akamtazama kama mtu anayesubiri mvua. Hosea akashika kalamu. Eliufoo akaona njia ya tatu imefunguka mbele yake, nyembamba na safi: goti. Aseme goti lilikamata. Hosea hana la kusema juu ya goti, Yuditha hatajua kitu, mnada unabaki. Ni uongo mdogo, na goti lenyewe kweli ni bovu.

"Ni hivi," akaanza, "lile goti langu..."

Jogoo akawika.

Aliwika karibu, chini ya dirisha, sauti ndefu yenye mkunjo mwishoni, kama mtu anayeitangaza nchi yake mwenyewe. Wazee wote wakamkumbuka Petro uani kwa kuhani mkuu, na hata Hosea akainamisha uso. Eliufoo hakumkumbuka Petro. Aliitambua sauti. Akageuza kichwa, na nje ya dirisha aliwaona Primus, amevaa suti ya msibani, na kando yake Yuditha, na mikononi mwa Yuditha, Mangi. Primus alikuwa amepanda mlima tangu jana kuwapa pole jamaa za mfungwa, na kurudisha jogoo, asije akakutwa na mali ya mtu aliyechana bendera.

Yuditha alimtazama tu mumewe, kwa utulivu, kama alivyomtazama siku ile kitandani.

Basi Eliufoo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mwisho, akaliambia baraza kwamba siku ile alikuwa ameshika jogoo. Akaeleza yote: nadhiri, soko, Chekereni, koti, tarumbeta. Akasema wimbo wa Taifa hana ugomvi nao, na kwamba angesimama, jogoo angesimama pia, na huyo hakupitia jeshi.

Hosea alichukua muda kuelewa kilichomgusa yeye. "Kwa hiyo yule niliyenunua mimi ni..."

"Ndiye huyo."

"Tumemchemsha mpaka gesi ikaisha," Hosea akasema polepole.

Praygod ndiye aliyeumia zaidi. Alitazama maandishi ya fulana yake. Akajaribu mara ya mwisho, kwa sauti ndogo. "Lakini rohoni, Meku. Rohoni ulikuwa umekaa?"

Mzee akamwambia kwa upole kwamba rohoni alikuwa amekaba kuku.

Hosea akapata nguvu upya. Akasema sasa ni mbaya zaidi, mtu anayempunja Mungu jogoo hawezi kuaminiwa na mayai ya usharika. Na hapo alikuwa na haki, wazee wakanung'unika kukubali, na Eliufoo mwenyewe hakupinga. Alishasimama, akitafuta kofia yake. Mchungaji akasema nadhiri ni ya Mama Yuditha, kwa hiyo yeye ndiye aseme kama imelipwa au haijalipwa. Wakatoka nje wote.

Yuditha alimngoja afike karibu.

"Baba Evelyn, umeuza kuku wa watu kwenye ngazi hizi tangu nikuzalie Evelyn," akasema. "Hujawahi kuona mtu akinunua kuku wake mwenyewe?"

Eliufoo akasimama hapo hapo. Alikuwa ameona. Alikuwa ameona kila Jumapili. Bibi Theopista alikuwa na tetea mmoja aliyemtoa sadaka na kumnunua tena mara nyingi kiasi kwamba tetea alishajua njia. Aliyetoa huruhusiwa kukomboa. Ndivyo mnada wa kanisa ulivyo, ndivyo ilivyo hata kwenye Torati. Yuditha tangu alipotoka hospitali alikuwa akiweka kando pesa za maziwa kidogo kidogo, ili amtoe Mangi kwa Bwana mbele za watu, kisha amrudishe nyumbani kwa mzee wake. Machame nzima ingelijua hilo. Asiyelifikiria alikuwa mmoja tu, mpiga mnada.

Yuditha akamkabidhi jogoo. "Panda ngazi, fanya kazi yako. Safari hii kwa mkono wazi."

Hakuna baraza lililomrudishia Eliufoo mnada. Alipanda tu, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu kila mtu alitaka kumwona. Akamwinua Mangi juu, Mangi akatandaza mbawa, na umati ukaguna kwa heshima. Hosea akaanza, akidai Kanisa lina deni lake la jogoo anayetafunika. Praygod na vijana wakachanga wakapandisha. Hosea akapandisha. Kisha Yuditha akataja chake, bila kupaza sauti, na Eliufoo, aliyezoea kuivuta bei kama mpira wa ndani wa baiskeli, akasema ya-kwanza-ya-pili-ya-tatu-imekwenda kwa pumzi moja, Hosea mkono ukiwa bado juu. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Hosea mwenyewe, baada ya kuwaza, akaushusha mkono akajikuna nao kichwa, akacheka.

Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Akamsogelea Mchungaji, akamnong'oneza kwamba wilayani wataka jibu, na kwamba Sikukuu ya Uhuru iko njiani na bendi imeshalipwa chai. Mchungaji Gladys akachukua kipaza sauti. Simu zikainuliwa. Praygod akasogea mbele, tumaini dogo limemrudi usoni. Mchungaji akamuuliza Mzee Eliufoo Nkya, mbele ya usharika wote, ili jambo hili lifungwe na lisifukuliwe tena: siku nyingine wimbo wa Taifa ukipigwa ndani ya nyumba ya Mungu, atasimama au atakaa?

Eliufoo akamhamisha Mangi kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto.

"Itategemea nimeshika nini."